Kiwanja cha ami kisiuzwe: jibu langu kwa wanaotaka kufungua kampuni San Francisco

Wadogo zangu, salamu nimezipata, na ile sauti ndefu mliyonitumia nimeisikiliza zaidi ya mara moja. Marahaba kwa shikamoo zote tatu. Swali lenu ni hili: nyinyi watatu mmefanya kazi miaka kadhaa kwenye kitengo cha usalama wa mifumo katika benki moja ya Nairobi, mna akiba ya shilingi milioni mbili na nusu, na ami yuko tayari kuuza kiwanja chake cha Mtwapa awaongezee. Mnataka kuja San Francisco mfungue kampuni ya usalama wa mtandao kama nilivyofungua mimi. Mmesema niwajibu wazi, nisiwafiche.

Jibu langu ni hapana. Msije na pesa hizo, wala kwa mpango huo, na kiwanja kisiuzwe. Naeleza kwa urefu kwa sababu nikikata kwa neno moja mtaona dada ameshapata, sasa anawabania wenzake.

Uwezo mnao, na hilo sina wasiwasi nalo hata kidogo. Mtu aliyekesha zamu ya usiku akiwafuatilia wezi wanaohamisha pesa za wateja kwa simu ameona mambo ambayo mhitimu wa Stanford hajawahi kuyaona. Lakini huku uwezo ni kiingilio tu, na kila utakayemkuta mlangoni anao. Kila mwaka fani yetu ina mkutano wake mkubwa, RSAC Conference (zamani RSA Conference), katika ukumbi wa Moscone katikati ya San Francisco. Huja watu zaidi ya 40,000, na makampuni yanayoonyesha bidhaa ni mamia. Ukipita kati ya mabanda yao, mabango yote yanaahidi jambo lilelile, kwamba tutamwona mdukuzi kabla hajakudhuru. Banda dogo la pembeni, ukijumlisha na gharama zake zote, linakula makumi ya maelfu ya dola, kwa hiyo sisi wadogo hatukodi. Tunakaa kwenye mikahawa ya Mtaa wa Howard au kwenye bustani za Yerba Buena, laptopu mapajani, tukimsubiri mtu aliyetuahidi dakika ishirini atoke ukumbini. Sijakutana na kampuni hata moja pale iliyokosa watu wenye akili. Zile zinazokufa, na zinakufa nyingi, hufa kwa sababu pesa zimeisha kabla hazijaaminiwa.

Kuaminiwa ndiyo habari yote ya biashara hii, na ndiyo sababu ya hapana yangu.

Angalieni kazi yenyewe. Kampuni yangu inatafuta funguo za siri zilizosahauliwa ndani ya programu: nywila na tokeni ambazo mwandishi wa programu aliziweka kwa muda ili kazi iende, kisha akaziacha humo. Madhara yake yanajulikana. Mwaka 2016 wadukuzi waliingia kwenye hazina ya programu za Uber iliyoko GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, wakakuta humo funguo za hifadhi ya wingu, yaani ya mtandaoni, ya Amazon, wakatoka na taarifa za watu milioni 57. Sasa ili mimi nimtafutie mteja funguo za namna hiyo, ni lazima anifungulie programu zake zote. Namwomba mtu asiyenijua aniruhusu niingie mpaka chumba cha ndani, nimwambie kama milango yake imefungwa vizuri. Programu ya mahesabu ikiwa mbovu, mnunuzi ataiacha atafute nyingine. Yangu ikiwa mbovu, ataibiwa kupitia kwangu.

Hofu hiyo ina msingi. Desemba 2020 iligundulika kwamba wadukuzi walikuwa wamepenya SolarWinds, kampuni ya Texas inayouza programu za kusimamia mitandao, wakapachika programu yao ndani ya sasisho lake. Wateja karibu 18,000 walilipokea sasisho hilo na kulisakinisha wenyewe, zikiwemo idara za serikali ya Marekani. Julai 19, 2024 hapakuhitajika hata mdukuzi: sasisho moja lenye kasoro kutoka CrowdStrike, kampuni inayoheshimiwa sana kwenye fani hii, liliangusha kompyuta za Windows milioni 8.5, na safari za ndege zikafutwa dunia nzima. Mnunuzi anajiuliza: kama wakubwa wale yamewapata, hawa watatu wenye laptopu Oakland itakuwaje?

Tena mnunuzi huyo, yaani mkuu wa usalama wa mifumo, ana hofu yake mwenyewe pia. Aliyekuwa mkuu wa usalama wa Uber, Joe Sullivan, alitiwa hatiani mwaka 2022 kwa kuuficha udukuzi ule wa 2016, na mwaka uliofuata akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Kesi ilisikilizwa San Francisco hapa hapa. Kila ninayemwuzia anaifahamu, na wengine wanamfahamu Sullivan kwa uso. Mtu wa namna hiyo hatii saini kwa sababu onyesho lako la bidhaa lilipendeza.

Kwa hiyo akishatikisa kichwa na kusema kazi nzuri, hujauza kitu bado. Anakutumia dodoso la maswali mia na zaidi: nani ana funguo za seva zenu, mfanyakazi akiondoka mnamfungia kwa muda gani, nakala za akiba ziko wapi, mkishambuliwa mtatuarifu baada ya saa ngapi. Kisha anataka ripoti ya SOC 2. Hii hutolewa na wahasibu wenye leseni wanaokagua kama kampuni inalinda taarifa za wateja inavyodai. Aina ya pili ya ripoti hiyo, ambayo ndiyo wakubwa wanaitaka, haiandikwi kwa siku moja: mkaguzi huangalia jinsi taratibu zenu zinavyotekelezwa kwa kipindi cha miezi, mara nyingi kuanzia mitatu hadi kumi na miwili. Ukijumlisha mkaguzi, programu za kukusanya ushahidi na wale wanaojaribu kuivamia mifumo yenu kwa idhini yenu, makumi ya maelfu ya dola yamekwenda. Baada ya hapo anauliza bima: mkisababisha hasara, nani atalipa, na mpaka milioni ngapi? Halafu wanasheria wake na wako wanaanza kuvutana juu ya aya moja ya mkataba. Tangu siku ya onyesho mpaka pesa kuingia benki, kampuni kubwa huchukua nusu mwaka, miezi tisa, hata mwaka mzima.

Kuna kampuni moja ya maduka, kubwa, ambayo watu wake walitupenda. Majaribio yalikwenda vizuri, tukawaonyesha funguo zilizoachwa wazi kwa muda mrefu, wakatushukuru kwa dhati. Mkataba ukiwa kwa wanasheria, mkuu wao wa usalama akahamia kazi nyingine. Aliyekuja baada yake alikuja na watu aliozoea kufanya nao kazi. Hakuna aliyetudhulumu, lakini miezi yetu ilikwenda hivyo hivyo, na mishahara ya miezi hiyo tuliilipa.

Sasa iwekeni pesa yenu juu ya kalenda hiyo. Milioni mbili na nusu, kwa shilingi 129 kila dola, ni kama dola 19,400. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala San Francisco ni dola 3,000 kwa mwezi na kupanda. Mimi nakaa Oakland, ng'ambo ya ghuba, ambako kuna nafuu kidogo, na siku za mikutano navuka kwa treni ya BART. Nyinyi watatu mkibanana vyumba viwili huku Oakland, mkalipa pango na amana ya mwenye nyumba, mkala, mkalipa nauli, simu na bima ya afya ya bei ya chini, pesa hiyo itawafikisha miezi miwili, au mitatu kwa kujinyima. Kiwanja cha Mtwapa kingewanunulia miezi mingine michache. Mteja wa kwanza hajatia saini, wakili hajalipwa, mkaguzi hata hajaanza, na kiwanja kimeshakwenda. Kiwanja kile mtu hatakirudisha tena kwa bei aliyokiuzia, mnajua bei za Mtwapa zilivyo.

Mtauliza kwani wawekezaji wako wapi, si ndiyo kazi yao? Wako, na pesa wanazo. Barabara ya Sand Hill kule Menlo Park imejaa ofisi zao. Y Combinator, kwa mfano, wawekezaji wa kampuni changa, humpa anayechaguliwa dola 500,000: 125,000 kwa asilimia saba ya kampuni, na 375,000 zilizobaki hugeuka hisa baadaye kwa masharti ya raundi inayofuata ya uwekezaji. Lakini mwekezaji naye anauza na kununua kuaminiwa. Barua pepe ya mtu asiyejulikana haifunguliwi. Inafunguliwa ile iliyotanguliwa na neno la mtu anayemheshimu. Akishaisoma, swali lake la kwanza kwa kampuni ya usalama ni nani ameshawaruhusu kuingia kwenye mifumo yake. Mteja anauliza mwekezaji wenu ni nani, mwekezaji anauliza mteja wenu ni nani. Anayeutoka mzunguko huo ni yule aliyekuja na mtu wake tayari.

Kwangu mimi mtu huyo alikuwa mkuu wangu wa zamani. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi katika kampuni nyingine, usiku na mchana, kwenye matukio ambayo yangeweza kututia aibu sote, na aliniona nikisema ukweli pale ambapo uongo ungenisaidia. Alipohamia kampuni nyingine na mimi nikafungua yangu, yeye ndiye aliyenunua wa kwanza. Sikumshawishi kwa slaidi. Alikuwa ameshaamua miaka mitano kabla, bila yeye wala mimi kujua.

Mmenitajia Wiz, kampuni ya usalama wa mifumo ya wingu. Ni kweli, ilianzishwa 2020, na Machi 2025 Google ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 32. Lakini waanzilishi wake wanne walifahamiana tangu jeshini Israel, na kabla ya hapo watatu kati yao walishaanzisha kampuni nyingine ya usalama, Adallom, ambayo wa nne naye aliifanyia kazi, na Microsoft iliinunua 2015. Baada ya hapo wakafanya kazi Microsoft miaka kadhaa, ndani ya shughuli ya wingu yenyewe. Walipofungua Wiz, wanunuzi wakubwa walikuwa wanawajua kwa majina. Miaka minne mitano ya hadithi yao mnayoisoma ina mingine kumi na zaidi nyuma yake.

Mimi napenda zaidi kuwasimulia habari za Jay Chaudhry, mwanzilishi wa kampuni ya usalama wa mtandao ya Zscaler. Alikulia kijiji cha Himachal Pradesh, India, ambacho utotoni mwake hakikuwa na umeme. Alikuja Marekani mwaka 1980 kusoma Cincinnati, kisha akaajiriwa kwa miaka mingi, IBM na kwingineko. Kampuni yake ya kwanza ya usalama, SecureIT, aliifungua katikati ya miaka ya 1990 pamoja na mkewe, kwa akiba yao wenyewe, na hawakuifungulia hapa bali Atlanta, jiji walilokuwa wakiishi. VeriSign iliinunua 1998. Zscaler ilikuja karibu miaka kumi baadaye. Huyo ni mhamiaji kama mimi, aliyeanza na kuajiriwa, akajenga jina, akafungua kampuni mahali alipoweza kumudu pango.

Halafu kuna makaratasi, na hapa nitakuwa mkali. Mimi niliingia nchi hii kwa bahati nasibu ya grinikadi. Bila kadi ile nisingeweza kuacha ajira siku niliyotaka, wala kukaa miezi bila mshahara pasipo kuulizwa na mtu. Kumiliki kampuni Marekani hakukupi haki ya kuishi Marekani. Mtu wa viza ya matembezi anaweza kuhudhuria mikutano na hata kusajili kampuni, lakini haruhusiwi kuifanyia kazi akiwa humu. Viza ya E-2 ya wawekezaji ni ya nchi zenye mkataba na Marekani, na Kenya haimo. H-1B, ile ya waajiriwa wa makampuni, ni 85,000 kwa mwaka, na 20,000 kati yake zimetengwa kwa wenye shahada za juu za vyuo vya huku. Waombaji wanazidi nafasi kila mwaka. Septemba 2025 Rais Trump akatia saini tangazo la kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya nchi. Anayewaambia mje kwa viza ya utalii kisha mambo yatajipa, anachezea maisha yenu. Fani yetu haina nafasi ya mtu mwenye doa la uhamiaji, kwa sababu dodoso la mteja linauliza pia wafanyakazi wenu mmewachunguza vipi.

Mambo ya usajili nayapitia haraka kwa kuwa wakili yeyote wa hapa atawaeleza. Kampuni husajiliwa jimbo la Delaware kwa sababu wawekezaji wamezoea sheria zake, lakini mkifanyia kazi California mtalipa huku pia, angalau dola 800 kwa mwaka baada ya mwaka wa kwanza, hata msipoingiza senti. Hisa za waanzilishi hukomaa kwa miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza haondoki na kitu. Nalipenda sharti hilo, limeokoa urafiki wa watu wengi. Jambo moja tu msilisahau popote mtakapokuwa mkifungua kampuni ya Marekani: fomu ya 83(b) hupelekwa mamlaka ya kodi ndani ya siku 30 tangu mpewe hisa hizo, na siku ya thelathini na moja hakuna wa kumbembeleza.

La mishahara lina uzito zaidi. Mhandisi mzoefu wa usalama huku anaweza kulipwa dola 200,000 kwa mwaka na zaidi, na makampuni makubwa yanamwongezea hisa zinazouzika kesho asubuhi. Sisi tunampa nusu yake na hisa ambazo labda zitakuwa na maana baada ya miaka minane. Anayekubali ni yule anayekuamini. Mnaona jinsi neno lile linavyorudi.

Niseme sasa la nyumbani, ambalo wengi wetu huku tunalimeza. Nilipokuwa nimeajiriwa, kutuma pesa Mombasa hakukunisumbua. Tangu nifungue kampuni najilipa kidogo kuliko wafanyakazi wangu wawili, na bima ya afya niliyozoea kulipiwa ikawa yangu yote. Kuna sheria iitwayo COBRA inayomruhusu aliyeacha kazi kubaki kwenye bima ya mwajiri kwa miezi hadi 18, ila analipa mwenyewe sehemu yake na ile aliyokuwa akilipiwa. Mwezi wa kwanza nilipoiona ile bili nilikaa chini.

Wakati huo huo habari zikafika Kisauni kwamba kampuni yangu ina thamani ya dola milioni kadhaa. Ni kweli, makaratasi yanasema hivyo. Thamani hiyo ni makubaliano kati yangu na mwekezaji kuhusu asilimia atakayopata kwa pesa aliyoweka. Pesa yenyewe ni ya mishahara, seva na wakaguzi, na nikiigusa kujengea nyumba nimefanya wizi. Lakini nani wa kuwaeleza watu hayo? Mamangu aliulizwa markiti ya Kongowea mbele za watu kwa nini bado anabeba kikapu mwenyewe ilhali binti yake ni milionea. Hakuniambia yeye, niliambiwa na jirani. Iliniuma sana, na bado inaniuma. Dawa zake za sukari sijazikosa hata mwezi mmoja. Karo za watoto wa marehemu kaka nimelipa. Harusi mbili nimeshindwa kuchangia kama nilivyotarajiwa, na najua yaliyosemwa. Anayetaka kufungua kampuni ughaibuni akiwa tegemeo la ukoo akae kwanza na wazee wake, awaambie kwa hesabu: miaka mitatu minne mtapata hiki, hamtapata kile. Mazungumzo hayo niliyafanya na mamangu kabla sijaacha kazi, na ndiyo yaliyonishikilia, kwa sababu aliniambia, "Mimi nilikulea kabla hujawa na hizo dola."

Upweke upo pia. Saa mbili asubuhi ninapoingia mkutanoni huku, kipindi cha kiangazi, kwenu ni saa kumi na mbili jioni, watu wanafunga kazi. Mteja akishambuliwa hakuna Idi wala mwisho wa wiki. Na nimeshakaa kwenye vyumba ambamo mgeni amesalimiana na mwenzangu mzungu, kisha akauliza mwanzilishi atafika saa ngapi, nami nimekaa mbele yake. Namjibu kwa utulivu na tunaendelea, lakini jambo hilo linamchosha mtu kwa namna ambayo usingizi hauponyi.

Na yapo yanayonifanya nibaki, nayo niyaseme kwa haki. California, kwa sheria ya tangu 1872, mwajiri hawezi kukuzuia usiende kushindana naye. Mwenzangu aliacha kampuni kubwa Ijumaa, Jumatatu tukaanza, na hapakuwa na mtu wa kutushtaki, ilimradi hakuondoka na siri za watu. Mtu aliyefaulu mara kumi kuliko wewe akikuahidi nusu saa, anakupa nusu saa kamili na kukuambia kasoro yako usoni bila kukudharau. Aliyefunga kampuni mwaka jana anaajiriwa mwaka huu kwa sababu ya yale aliyojifunza kwenye kampuni hiyo hiyo. Nawatakia nyumbani tabia hiyo kuliko majengo yao yote. Na siku tunapompigia mteja kumwambia kuna ufunguo wenu uko wazi, ubadilisheni sasa hivi, na wanaubadilisha kabla mwizi hajafika, ninasahau pango.

Basi nyinyi mfanye nini? Mimi naona mna kitu ambacho huku hakipo, ila mnakiona cha kawaida. Julai 2023, kundi lililojiita Anonymous Sudan lilipoishambulia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, nyinyi mlikuwa kazini. Watu walikwama na maombi ya pasipoti na leseni, na mlijionea nchi iliyohamishia huduma zake mtandaoni ikitikisika kwa siku kadhaa. Oktoba mwaka uliofuata, ndugu wawili wa Sudan walifunguliwa mashtaka Los Angeles kwa mashambulizi ya kundi hilo. Shambulio liligusa Nairobi, kesi ikaja California: ujuzi wa huko una thamani hata huku. Nchi ambayo imelipana kwa simu tangu M-Pesa ianze 2007 imewaona wezi wa kubadilisha laini za watu, wa kujifanya wakala, wa kumpigia bibi kizee wakidai wametuma pesa kimakosa. Sisi huku tunasoma habari hizo kwenye ripoti.

Na soko lipo. Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa mtandao kwa mabenki mwaka 2017. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, na kamishna wake anatoza faini kweli. Tanzania wana yao ya 2022. Sako nyingi, yaani vyama vya akiba na mikopo, shule, hospitali na wakopeshaji wa simu wanatakiwa kufuata sheria hizo na hawana mtu wa kuwaonyesha njia. Mabenki makubwa yatanunua kwa makampuni ya nje, hilo mnalijua. Lakini sako ya watu elfu kumi haitalipia bei ya San Francisco, na ndiyo itakayowapa nyinyi jambo ambalo mimi nililitafuta miaka: mteja aliye tayari kuchukua simu na kuwaambia wengine, hawa niliwafungulia milango na hawakuniangusha. Kwa pesa yenu, Nairobi mnaishi mwaka mzima mkibana, Mombasa zaidi kidogo mkikaa nyumbani.

Msiache kazi wote watatu kwa pamoja. Aache mmoja, yule asiye na watoto. Wawili mbaki, na kabla hamjaandika hata mstari mmoja wa programu someni mikataba yenu ya ajira na wakili wa huko, maana mwajiri wenu ni benki na sheria ya 1872 ya California haiwafiki Nairobi.

Mkishapata wateja watatu wanaolipa na kurudia kulipa, hapo mnitafute kwa habari ya San Francisco. Nitawatambulisha kwa watu kwa jina langu, na jina langu huku nimeligharimia, kwa hiyo nitauliza maswali mengi kabla sijafanya hivyo. Mnaweza hata kusajili Delaware mkiwa huko huko, kisha mmoja wenu aje wiki ya mkutano wa Moscone kwa viza halali ya biashara, alale kwangu, apeane mikono na watu, arudi.

Kwa sasa nitumieni kurasa mbili: ni sako gani tatu mnazozijua, mtu gani ndani ya kila moja anawaamini, na mtamlinda dhidi ya nini. Jumamosi hii saa mbili usiku ya kwenu nitakuwa mezani, tupigiane. Na mpigieni ami kabla ya hapo, leo kama mnaweza, kwa sababu bin ami ameniambia dalali ameshakwenda Mtwapa kupima.